Alama ya Mkia Chini ya Bao

Aliyetusimulia kwanza hadithi hii ni bibi yetu mzaa baba, Bi. Mize binti Makame, mwaka ule wa mavuno makubwa ya karafuu, nasi watoto tumekaa ukumbini na shangazi Kazija tukichambua vikonyo. Naiandika kwa mpangilio wake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye baraza kama zetu, jioni zao zilipita kwenye bao. Fundi wa mabao alikuwa Kindi. Mninga wake aliukausha darini, juu ya moshi wa jiko, misimu mitatu ndipo autie tezo auchonge. Kwa, kwa, kwa. Likiisha bao, alilipiga msasa wa majani mpaka kete zikaserereka zenyewe mashimoni, kisha akaligeuza na kulichoma chini alama ya mkia kwa chuma cha moto. Bei yake mbuzi wawili, aje nani.

Fisi naye alichonga. Yeye alikata mwembe leo, keshokutwa akauza bao kwa kuku mmoja.

Mwenye bao la Kindi alikuwa Kiboko. Barazani kwake ilikuwa desturi mgeni aliinue bao kwanza, atazame chini, aseme "Ahaa," ndipo akae. Jambo hilo lilimkera jirani yake, Nyati. Siku moja akatia pembe zake mlangoni kwa Kindi.

"Fundi, bei yako ni ya wazimu. Nataka bao kwa mbuzi mmoja."

"Kwa Fisi utapata kwa kuku, Bwana Nyati."

"Sikuja kuulizia ya Fisi. Unipe, au nilale juu ya karakana yako hii nipumzike."

Kindi alitazama darini. Mbao zote alizokuwa nazo zilikuwa pale, za misimu mitatu. Nyati akilala, hakuna kazi tena.

"Haya, lete mbuzi mmoja," akasema. "Mti uleule, mashimo yaleyale. Ila alama sipigi."

"Alama nitakula? Lete."

Akaondoka nalo kifua mbele. Jioni akawaalika Kiboko na wenzake. Kiboko akaliinua bao, akatazama chini, hakusema "Ahaa."

"Jirani, hili umelinunua kwa Fisi?"

"La Kindi hilo. Shika mti wake uone."

"Nimeushika. Mkia uko wapi?"

"Labda mkia umeingia ndani kwa kuona haya," akasema Ngiri, mmoja wa wageni, na baraza zima likacheka. Nyati alicheza vibaya, akafungwa, na bao lake lilikuwa zuri sawasawa na la Kiboko.

Fisi alikuwapo. Wageni walipotawanyika, akamsogelea.

"Mzee, umeona kitu kinachouzwa? Si mti, ni ule mkia. Chukua mabao yangu kumi, mlazimishe ayapige alama. Tutayauza kwa mbuzi wawili kila moja, tugawane."

Asubuhi Nyati akawa mlangoni tena, bao lake kichwani, na Fisi nyuma yake na mzigo.

"Yapige alama yote," akasema Nyati. "Ukikataa, nalala."

Kindi aliligeuza bao moja la Fisi. Lilikuwa na unyevu bado, na sakafu za mashimo zilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Baada ya mvua moja lingepinda kama upinde, nao wenye kulinunua wangetazama chini, waone mkia, waseme: kumbe Kindi naye ndiyo hivi. Hapo hata la Kiboko lingekuwa kuni.

"Nitapiga," akasema. "Lakini alama yangu hupigwa mbele ya mashahidi. Niitieni Kiboko na wenzake."

Hapakuwa na desturi kama hiyo. Aliitunga palepale, na Nyati, aliyetaka sana waje waone, akatuma kuwaita.

Walipokuwa njiani, Kindi alikitia chuma makaani akavukuta, fuu, fuu, mpaka kikawa cheupe. Siku zote alikipasha kidogo tu.

Wote wakafika. "Tuanze na lipi?" akauliza Nyati.

"La Fisi. Ndiye mgeni, na mgeni hutangulizwa."

Fisi akatabasamu. Kindi akakibonyeza chuma. Chiii! Utomvu ukatoka, moshi ukapanda, chuma kikatokeza upande wa pili, kisha kacha! bao likawa vipande viwili.

"Umelivunja makusudi," akasema Fisi.

"Nipe jingine." Chiii, kacha. La tatu Fisi alilikumbatia.

"Na langu je?" Nyati akauliza, na sauti imempungua.

Kindi akalipokea bao la mninga. Chuma sasa kilikuwa kimepoa kwa utomvu wa mabao mawili, moto wake umebaki ule wa kila siku. Akakibonyeza, akahesabu moyoni, akakiinua. Mkia ulikuwa pale, wa kahawia, kila unywele wake unaonekana.

"Ahaa," akasema Kiboko.

"Kumbe mkia haukai kwenye mti mbovu," akasema Ngiri. Kindi hakumsahihisha.

"Bado mbuzi mmoja, Bwana Nyati," akasema.

Nyati aliangalia mashahidi aliowaita mwenyewe, akaenda kumleta mbuzi.

Jina zuri hupandisha bei ya kazi nzuri, lakini ukilibandika kwenye kazi mbovu umeliua jina lenyewe.

Kiboko na Ngiri wamekwisha kufa, na Nyati alikufa kwa uzee. Fisi yu hai, bado anauza mwembe mbichi. Kindi naye, kwa maneno ya bibi, yu hai, na bei hajashusha. Bibi mwenyewe amefariki. Kati yetu tuliokuwa ukumbini siku ile tumebaki shangazi Kazija na mimi.