Ukoko wa Mapumbani

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kumposa binti sungura. Ni zamani ya juzijuzi, simu zimeshafika kila nyumba ila chaji unakwenda kuiomba kwa jirani. Palikuwa na kijiji cha Mapumbani, katika bonde la mpunga. Nyinyi mlioko nyuma sogeeni, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mapumbani tulilima mpunga, tukaukoboa, tukala wali. Pumba tulizimwaga nyuma ya mashine ya kukobolea, mwaka baada ya mwaka, mpaka zikawa mlima. Tukizichoma, moshi unaingia kwenye nguo tulizoanika na kwenye macho ya watoto. Tukiziacha, upepo unazileta mpaka kwenye chai. Na wali wenyewe tukaupikia kuni za msitu wa Lihela. Tukakata, tukapika. Tukakata, tukapika. Msitu ukarudi nyuma, na kijito kitokacho humo, ambacho ndicho kinachonywesha mashamba yetu, kikawa chembamba hata kuku akakivuka bila kulowa mapaja. Tuliogopa sana. Mpunga bila maji ni majani tu.

Basi alikuwepo fundi Mgwasa, mchomeleaji wa mageti. Akasema, "Pumba zikichomwa ndani ya pipa lililofunikwa zinakuwa unga mweusi. Unga huo ukishindiliwa ni mkaa."

Akachukua mashine mbovu ya kukamulia alizeti, akaichomelea upya, akaiunga na mota ya umeme wa jua. Tukaenda kushangaa. Vikatoka vipande vizuri, vimenyooka. Ukikishika kimoja, kinabaki unga mkononi. Akatia udongo, vikavunjika. Akatia kinyesi cha ng'ombe, vikavunjika na kunuka juu yake. Kiangazi kizima Mgwasa alikuwa mweusi utosi mpaka unyayo, hata mkewe akamtengea mto wake wa kulalia.

Alikuwepo pia Bi Chausiku, muuza uji wa muhogo. Sasa, salamu za kwetu mnazijua. Mtu akikusalimu unamtazama usoni mpaka salamu ziishe, na salamu zetu hazina haraka: wewe, watoto, mgonjwa, shamba, kuku anayeatamia. Kuangalia pembeni ni dharau kubwa. Siku hiyo Bi Chausiku akaingia karakana na ndoo ya uji wa mafundi.

"Shikamoo, Bi Chausiku," Mgwasa akamwamkia.

"Marahaba, baba. Wazima nyumbani?"

"Wazima. Na yule mgonjwa wenu?"

Huku Bi Chausiku anaitikia, mikono yake inamimina uji kwenye sufuria la mafundi, pale linapokaa kila siku. Kumbe sufuria limehamishwa, na mahali pake pamewekwa pipa la unga mweusi. Salamu zilipofika kwa kuku, ndoo ilikuwa tupu.

"Umeniharibia kazi," Mgwasa akafoka.

"Na pipa lako limeninywea uji wangu wote," Bi Chausiku akamjibu.

Kwa hasira Mgwasa akalishindilia rojo lile mashineni, akisema acha na mashine nayo ifungue kinywa. Vipande vikatoka, vikaanikwa. Vilipokauka, ukivigonganisha vinalia kama mawe. Mgwasa alicheka mpaka akakaa chini.

Mnadhani tulinunua? Hatukununua. "Mkaa wa pumba na uji, nimpikie mgeni wangu?" Ndivyo tulivyosema, na mimi nilikuwemo. Magunia yakakaa, panya wakaanza kuonja.

Ndipo akasimama wa tatu, Sikudhani, mpishi wa shughuli. Mwanawe wa kwanza alikuwa anaoa, wakwe wanatoka mbali. Akasema pilau yote itapikwa kwa mkaa wa Mgwasa. Tukamsihi aache. Dada zake wakalia. Pilau ikitoka mbichi mbele ya wakwe, mpishi anahama kijiji. Sikudhani akajifunga kanga nyeupe, akasimama karibu na jiko, akaomba apigwe video kwa simu yake: sufuria linachemka, moshi hakuna, kanga haina doa. Akairusha kwenye kundi la wapishi wa mjini. Wakwe walikula, wakaomba na ya kufungiwa. Kabla arusi haijaisha, simu yake ilikuwa imeita mpaka ikazimika.

Raha ikaingia Mapumbani. Malori yakaja kubeba mkaa. Mlima wa pumba ukaisha, tukafuata pumba za vijiji jirani. Visiki vya Lihela vikachipua. Kijito kikarudi, na siku hizi kuku anazungukia darajani kama watu wengine. Siku nilipoyaona maji yale nililia kwa furaha, siwafichi.

Shida ikazaliwa humo humo kwenye furaha. Mchapaji wa magunia akauliza, mkaa huu unaitwaje? Anataka jina moja, kubwa, lisomeke hata lori likiwa mbio. Kwetu jambo la namna hiyo linaamuliwa na ukoko. Kila mavuno tunapika sufuria moja la kijiji, na ukoko wake anapewa mtu mmoja aliyetufaa kuliko wote. Haugawanywi. Tuliwahi kuugawa, na ndugu wawili hawakusemeshana mpaka mavuno mengine. Tukakubaliana: atakayekula ukoko mwaka huu, jina lake ndilo litakalokaa guniani. Wakaja wote watatu, kila mmoja na sahani yake.

Mgwasa akasema, "Uji umenywewa hapa tangu enzi za babu zetu, na hakuna aliyepata mkaa. Moshi niliuvuta mimi. Na rojo lile ningeweza kulimwaga."

Bi Chausiku akasema, "Uji wangu ungeharibu mashine, kosa lingekuwa la nani? Langu. Mngelitaja jina langu mpaka kaburini. Leo umetengeneza, mnasema umejimimina wenyewe?"

Sikudhani akasema, "Mkaa wenu ulikuwa chakula cha panya. Nyinyi mliweka pumba na uji. Mimi niliweka heshima yangu na arusi ya mwanangu juu ya jiko."

Tukampigia makofi Mgwasa. Tukampigia makofi Bi Chausiku. Tukampigia makofi Sikudhani. Kila aliyesema alikuwa na haki, na hilo ndilo lililotukwamisha.

Na mkombaji wa sufuria, mwenye mwiko mkononi, ni mimi. Mgwasa ni mdogo wangu, tumbo moja. Bi Chausiku ndiye anayenipa uji kila asubuhi. Sikudhani atanipikia arusi ya mjukuu. Sahani tatu ziko mbele yangu, mchapaji anapiga simu, na ukoko ukipoa meno yangu hayauwezi hata kwa kuonja. Haya, nisaidieni upesi: niutie kwenye sahani ya nani?