Jiko la Shubiri Moja na Wakamwana Watatu

Kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na sirudii hadithi kwa ajili ya mtu aliyekuwa akikoroma.

Palikuwa na mama mkwe aitwaye Bibi Tupokile, huko milimani Makete, ambako baridi haibishi hodi. Wanawe watatu walikuwa wameshuka kwenda kutafuta kazi, wakamwachia wake zao. Kila mmoja wa wakamwana hao alikuwa na kitu alichowazidi wenzake.

Mkubwa, Atuganile, alikuwa na mgongo. Mzigo ukishapanda pale haushuki mpaka nyumbani. Watu walisema ana nguvu. Mimi nasema alikuwa mbishi tu, lakini ubishi nao hubeba.

Wa kati, Sekela, alikuwa na jicho la kuni. Mpitishe msituni baada ya mvua ya wiki nzima, atakuonyesha kijiti kikavu kilipojificha kama mtu anayekuonyesha nyumba ya shangazi yake.

Mdogo, Tulizo, hakuwa na mgongo wala jicho. Alichojaliwa ni kukaa. Ukimwambia aangalie maziwa yasifurike, hageuki hata nyumba ya jirani ikiungua. Watu walimwona mzito wa akili. Watu wana haraka ya kuona.

Basi kaka yake Bibi Tupokile akafa, kijiji cha ng'ambo ya mlima. Msiba wa ukweni mnaujua: wafiwa wanalia, wakamwana wanapika. Siku nne wale watatu walisonga ugali wa watu mia, wakachota maji, wakasugua masufuria makubwa kuliko wao, wakalala juu ya majani makavu. Bibi Tupokile siku zote nne alikunywa maji tu. Alisema koo limefunga.

Atuganile alikuwa amekwenda na jiko dogo alilopewa na kaka yake, mpagazi wa watalii. Lilikuwa mkebe wa bati wenye kuta mbili, urefu wake shubiri moja, matundu chini ya kuvuta hewa, matundu juu ya kutolea moto. Ukimaliza kupika unalitia ndani ya sufuria yake, unafunga safari. Msibani halikuguswa. Watu mia utawapikia nini humo?

"Dada, hilo la kupikia panya," Sekela alimcheka siku ya kuondoka. "Liache hapa. Una gunia la mahindi, una blanketi mbili, bado na bati?"

"Nililokuja nalo narudi nalo."

"Haya. Mgongo ni wako."

Wakapanda mlima. Walikuwa wamechoka ule uchovu ambao hata kukohoa ni kazi. Walipofika juu, mahali ambapo nyumba iko mwendo wa saa tatu mbele na saa tatu nyuma, ukungu ukashuka, kisha mvua ya mawe. Bibi Tupokile akasimama, akasema miguu hii si yake, akakaa chini njiani.

Wakamkokota hadi chini ya jabali lililoinama. Wakamfunika blanketi, lakini nazo zilikwisha kulowa. Akatetemeka sana, halafu akaacha kutetemeka. Hapo ndipo walipoogopa. Mtu wa baridi akitetemeka bado anapigana. Akitulia, ameacha.

"Mama," Tulizo akamtikisa. "Mama, usilale."

Kichwa chake kikaangukia begani.

"Anataka kitu cha moto tumboni," Atuganile akasema. "Sasa hivi."

Moto wa mafiga usingewaka. Upepo ulikuwa unapita chini ya jabali kama umetumwa, na gogo lolote ukiliinua linadondosha maji. Atuganile akatua mzigo, akatoa lile jiko la kupikia panya. Akatoa sufuria yake, kibiriti alichokifunga ndani ya kilemba, na unga wa ulezi uliobaki kutoka msibani. Jiko na sufuria alikuwa amevibeba kwenda na kurudi, huku akichekwa. Akalisimamisha jiko juu ya jiwe. Upepo ukapiga bati, bati likanyamaza.

Lakini jiko bila kuni ni kopo. Sekela akaingia kwenye mvua ya mawe. Hakuokota kitu chini. Akavunja vijiti vilivyokufa vikiwa bado vimening'inia mtini, akaingiza mkono kwenye shimo la mti mkongwe mpaka begani. Akarudi na kichwa kimevimba kwa mawe. Akamenya kila kijiti kwa kisu, akatupa ganda lililolowa, akabakiza moyo mkavu. Alipomaliza akarudi tena mvuani, mara ya pili, mara ya tatu.

Atuganile akawasha. Na sasa sikilizeni. Huko kwao moto una mwenyewe. Aliyeuwasha ndiye anayeuchochea, na mwingine akitia mkono ni sawa na kupanda kitanda cha mwenzake. Basi mwenye moto, kwa mazoea ya mafiga, akalishindilia jiko mpaka mdomoni, na kijiti kinene kama mkono akakisimika katikati, akageuka kumsugua mama mkwe miguu. Pale nyumbani moto hulishwa hivyo, ukaachwa. Jiko dogo halitaki hivyo. Moshi ukajaa, moto ukazama.

Tulizo aliona. Akatia mkono ndani ya bati la moto, akaking'oa kile kijiti kinene. Ngozi ya vidole ikabaki huko.

"Tulizo!" Atuganile akageuka. "Moto huo ni wa nani?"

"Ni wa anayekufa, dada."

Akachuchumaa, akapuliza kwenye matundu ya chini mpaka machozi yakamtoka. Moto ulipoitika, akaanza kuulisha: kijiti kimoja cha unene wa kidole, anasubiri, kingine, anasubiri. Ukizidisha, moshi. Ukichelewa, majivu. Mgongo wake ndio uliokuwa mlango wa upepo, na mawe yakampiga hapo muda wote. Hakugeuka.

Uji ukachemka. Wakamnywesha kijiko kwa kijiko. Sufuria ya kwanza ilimwagika nusu kidevuni. Ya pili akaanza kutetemeka tena, na wale watatu wakafurahia kutetemeka kama watu wengine wanavyofurahia harusi. Ya tatu akafumbua macho.

"Uji gani huu hauna chumvi?" akasema.

Wakajua amepona.

Walipofika nyumbani, kesho yake Bibi Tupokile akawaita, akawaketisha.

"Siwezi kuwashukuru kwa maneno, maneno hayashibishi," akasema. "Nimewaona mlivyochoka. Na mimi nilikuwa mkamwana, sikupumzishwa na mtu. Basi aliyeniokoa hatachota maji tena, hatakata kuni, hatapika msibani, mpaka siku ya kunizika. Kazi yake watagawana wawili waliobaki. Haya, ni nani?"

Hakuna aliyetaka shamba wala ng'ombe kama alivyotaka kile alichokisema bibi.

"Jiko nilibeba mimi," Atuganile akasema. "Tungemsikiliza Sekela, jiko lingekuwa bado msibani."

"Na ungewasha nini ndani yake? Unga?" Sekela akamrukia. "Tazama kichwa changu. Nimetoka mara tatu."

"Na moto ulizimwa na nani?" Tulizo akauliza polepole.

"Tulizo, nawe una mdomo!" Atuganile akang'aka.

"Nina mkono pia." Akauonyesha, umefungwa kitambaa.

Sekela akaona mambo yanaharibika. "Mama, tupokezane basi. Wiki mimi, wiki dada, wiki mdogo wetu."

"Pumziko la kupokezana si pumziko," bibi akasema, "ni zamu. Zamu mnazo tayari. Nimesema mmoja."

"Basi chagua wewe, Mama," Sekela akasema.

"Mimi nilikuwa nimefumba macho. Mtaniuliza nini?"

Ikafika saa kumi ya jioni. Ndoo ilikuwa tupu mlangoni, na kisima kiko mbali. Walijua wote watatu: atakayeinuka kuibeba amekwisha kujitoa. Atuganile anashika kiuno, Sekela anashika kichwa, Tulizo amekumbatia mkono wake, na bibi anasema ana kiu.

Nyinyi mliokaa hapa mmeegemea ukuta, mmeshiba, semeni. Bila mgongo, hakuna jiko. Bila jicho, hakuna kuni. Bila kukaa, hakuna moto. Wawili lazima wainuke. Je, wewe ungemwambia nani abaki amekaa?