Mama Aliyekataa Neno "Yatima"

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Sham aliishi mfumaji wa mazulia aitwaye Bibi Rayhana. Mumewe, Harith, aliondoka na msafara wa ngamia, na miaka sita ikapita bila barua wala salamu. Mwana wao, Yunus, alikuwa mwepesi wa kufahamu, na mama hakutamani kitu duniani kama kumwona chuoni. Lakini ada ilimshinda.

Majirani wakampa shauri. Chuo kilikuwa na wakfu wa tajiri mmoja marehemu, ulioweka sharti kwamba mayatima wasome bure. "Sema tu baba yake amekufa. Nani atakubishia?"

Akamwendea msimamizi wa wakfu, Sheikh Utba. Sheikh akachovya kalamu. "Mtoto ni yatima?"

"Sijui, Sheikh wangu."

Kalamu ikasimama hewani. Sheikh alikwisha kusikia mengi katika kazi ile, ila jibu hili lilikuwa geni masikioni mwake. "Hujui vipi, bibi? Kwani katika dua unamwombea nini mumeo?"

"Namwombea salama, kisha namwombea rehema. Mola ndiye ajuaye inayomfaa. Lakini nikikwambia amekufa, nitakuwa nimemzika kwa ulimi wangu."

Sheikh akafunga daftari, kwani sharti la wakfu halikumruhusu kumwandika. Rayhana akatoka akilia. Sheikh alishikwa na hamu ya kujua huyu ni mja wa namna gani, akamfuata hadi mlangoni.

"Bibi, mazulia ya chuo yamechakaa. Tufumie mapya, na ujira wako uwe masomo ya mwanao."

Akafuma miaka minne, na Yunus akasoma hadi akawa anawafundisha wenzake.

Siku moja akafika chuoni mzee mwenye nguo za viraka. Alimwuliza Sheikh jambo moja tu. "Katika daftari lako la mayatima, yumo Yunus bin Harith?"

"Hayumo. Mama yake alikataa."

Mzee, naye ndiye Harith, aliyekuwa mateka miaka yote ile na kuchelea kwamba nyumbani wamekwisha kumhesabu maiti, akaketi juu ya zulia asijue limefumwa na nani, akalia. Kisha akasema, "Basi nina nyumba ya kurudi."

Nami hujiuliza mara nyingi, ndugu zangu. Lau mama yule angelitamka lile neno moja, mtoto angelisoma vilevile. Lakini mzee yule angeligeuka mlangoni pale, akaenda zake, na hakuna ambaye angelijua kwamba alikuja. Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu.