Utepe wa Bi Mwajabu

Hapo zamani, na si zile za fisi kusema maana simu za tochi zilikuwa zimeshaingia, palikuwa na kijana Mdoe na mkewe Siwatu, mjamzito wa miezi saba. Siwatu akashikwa na homa. Akatetemeka hadi kitanda kikalia. Mdoe akasimama uani, watu wanamsikia: "Wallahi, atakayemponya mke wangu, mtoto atabeba jina lake!"

Sasa kijijini alikuwepo Bi Mwajabu, mhudumu wa afya. Alikuwa na boksi zima la vipimo vya malaria, vile vya kutobolewa kidole, tone moja la damu, robo saa jibu unalo. Bei yake ndogo kuliko soda, na pale vilitolewa bure. Lakini boksi lilikaa uvunguni miezi mitatu, limefungwa utepe mwekundu. Kisa? Linamngoja mgeni rasmi aje kulizindua! Watu wanaungua, yeye keshashona sare.

Mdoe akamleta na boksi lake, utepe vilevile, hadi kitandani kwa Siwatu. "Bi Mwajabu, toa kimoja," akamsihi.

"Baba, utepe nikate mimi? Mimi nani?"

Mama mkwe wa Siwatu, Bi Kilua, akaja na kisu cha vitunguu, akaukata utepe chwa! Msidhani huruma.

"Nataka kipimo kinisemee. Huyu hana malaria, ana uvivu. Palizi ikifika tu, anatetemeka!"

Bi Mwajabu, huku anaulilia utepe, akamtoboa Siwatu kidole. Akatia damu kwenye kipimo, akatia dawa yake ya maji. "Tungoje robo saa. Mstari mmoja, hana; miwili, ni malaria."

Bi Kilua angoje! Dakika mbili hazijaisha, keshachungulia.

"Mstari mmoja! Sikuwaambia? Hana kitu. Inuka ukachote maji!"

Akakitupa kipimo jalalani. Na Bi Mwajabu? Alijua ni mapema. Lakini akainama, anaokota vipande vya utepe.

Jirani yao Chausiku alikuwa dirishani, ndiko anakoishi. Akakiokota kile kipimo, akaanza nacho nyumba kwa nyumba.

"Njooni muone, Siwatu alikuwa anadeka!"

Nyumba ya kwanza, mstari mmoja, wakacheka. Nyumba ya pili, mstari mmoja, wakacheka. Nyumba ya tatu akakinyanyua: mistari miwili. Akarudi mbio, kanga mkononi.

"Miwili jamani! Ni malaria!"

Wakamkuta Siwatu kaanguka njiani, ndoo pembeni. Wakampakia bodaboda hadi zahanati. Akatibiwa, akapona, akaja kuzaa binti.

Siku ya saba, mbuzi keshafungwa, mtoto hana jina.

"Ataitwa Mwajabu," akasema mhudumu. "Vipimo vyangu, mkono wangu."

"Mkono gani? Bila kisu changu vingekuwa uvunguni hadi leo. Ataitwa Kilua!"

"Nyote mlishamwacha afe," akadakia Chausiku. "Bila mdomo wangu mngekuwa mnamzika. Ataitwa Chausiku."

Siwatu akamfunika mwanawe. "Mmoja aliningojesha mgeni, mmoja akanituma maji, mmoja akanitembeza nichekwe. Nimwite mwanangu jina la nani, nami nitaliita kila siku?"

Lakini Mdoe alishaapa mbele za watu, na shehe kakaa mkekani anangoja.

Haya, nyie mnaocheka, mwambieni shehe: mtoto aitwe nani?