Pandu Alivyopewa Talaka na Programu ya Sultani

Hapo zamani, katika nchi ya Mgao, ambako umeme ulikuwa uvumi tu lakini makato ya simu hayakukosa hata siku moja, alikuwako kijana aitwaye Pandu bin Faki, mwenye digrii ya daraja la kwanza na viatu vya daraja la mwisho. Kazi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni programu ya simu iitwayo Ajira Fasta, mali ya Sultani Khatwibu mwenyewe, iliyoahidi kumwandikia mtu barua za kuomba kazi hata mwajiri alie machozi. Mwezi wa kwanza bure. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Basi mwezi wa pili ikawa kila dada yake akituma hela ya dawa ya presha ya mama yao, programu huzilamba kabla Pandu hajafika dukani. Na barua zenyewe zote zilianza, "Mimi ni mama wa watoto watano, ninayependa changamoto." Mama akawa anameza kidonge nusu nusu. Pandu akaona hapana, akaenda kwa Karani wa Kastama Kea.

"Nataka kujitoa."

"Hewala, ndugu mteja wetu mpendwa," Karani akajibu, macho kwenye simu yake. "Masharti yasema, mteja akiomba kuachwa atalipa ng'ombe wawili wa maziwa."

"Bosi, mimi hata hayo maziwa sina."

"Basi usiombe."

"Sawa," akasema Pandu. "Siombi."

Asubuhi yake akaingia barazani kwa Sultani, mkeka kwapani.

"Wataka nini, ewe Pandu?"

"Nina swali, Maulana. Tangazo lako, lenye muhuri wako, lasema Sultani yupo kwa ajili ya mteja saa ishirini na nne. Sasa programu imeniuliza, 'Lipia kifurushi cha dhahabu: Ndiyo, au Baadaye?' 'Hapana' haikuwekwa, nadhani wino uliisha. Nimechagua Baadaye. Je, baadaye ni saa ngapi?"

"Baadaye ni baadaye, mpumbavu we!"

"Taib. Nitaingojea hapa hapa."

Akatandika mkeka. Askari wakatazamana, nani athubutu kuupinga muhuri wa Sultani? Ikawa Sultani akitia tonge kinywani, "Imefika, Maulana?" Akihukumu kesi, "Imefika?" Akiingia msalani, sauti ikapenya mlangoni: "Maulana, simu yasema pia nitoe maoni yangu kuhusu huduma. Nitoe?" Akayatoa. Yalikuwa marefu.

Siku ya tisa Sultani akaruka kitini mbele ya baraza zima, kilemba upande, akanguruma, "Out! Sikutaki! Nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha!"

Pandu akakunja mkeka taratibu, akamgeukia Kadhi Mshangama aliyeketi kuumeni kwa Sultani.

"Shekhe, nani ameomba?"

Kadhi akashika ndevu, hasa apate kuficha kicheko. "Mke akiomba kuachwa, hurudisha mahari. Mume akiacha kwa ulimi wake mwenyewe, mke hadaiwi hata sindano. Pandu hakuomba. Maulana katamka, tena mara tatu. Hakuna ng'ombe hapa."

"Na kitoka nyumba changu?" akauliza Pandu. "Aliyeachwa haondoki mikono mitupu. Mimi nataka dawa ya presha ya mama yangu, ya mwaka mzima. Sina tamaa."

"Haki yake," akasema Kadhi.

Wake wa Sultani nyuma ya pazia wakapiga vigelegele. Sultani, uso umemwiva kama nyanya, akaagiza dawa iletwe, na Pandu akaipeleka nyumbani mbio.

Haikupita wiki, simu ya Pandu ikalia. "Tumekukumbuka, Pandu! Rudi kwetu kwa nusu bei."

Pandu akaandika: "Ningependa sana, Maulana, lakini hiyo ni talaka tatu. Sharti kwanza niolewe na programu nyingine, nayo iniache."