Wimbo wa Sultani na Punda wa Vuai

Palikuwa na sultani mmoja, Sultani Badawi, aliyetaka watu wake wampende ifikapo Ijumaa. Si Ijumaa ya mwakani. Ijumaa hiyo hiyo, baada ya swala.

Chanzo ni simu ya mpishi. Mpishi alikuwa akikaanga sambusa huku simu inaimba, na sauti ilikuwa ya Bi Mize binti Khatibu, wa Mtaa wa Kisimani. Humjui? Pole yako. Bi Mize alianza kuimba akiwa msichana wa kusuka ukili wa mikeka, akaimba harusini, akaimba hata kwenye uwanja wa mpira siku timu ya mji ilipofungwa saba. Nyimbo alitunga mwenyewe: za mkwe mchoyo, za unga kupanda bei, za bomba la maji ambalo Sultani alilizindua kwa mkasi na utepe, na mpaka leo halijatoa tone. Alipiga gambusi la marehemu baba yake. Hakuwa na shamba wala duka. Gambusi hilo ndilo lililomlisha yeye na mama yake.

Sultani akamuuliza mpishi, "Na wimbo wangu unaujua?"

"Upi, Mtukufu?"

Basi. Sultani hakula sambusa siku hiyo. Akaagiza Bi Mize aletwe.

"Wewe ndiye unayeimba mpaka jikoni kwangu?"

"Ndiye mimi, Mtukufu. Mwenyewe sijafika jikoni, ila sauti imetangulia. Nasikia huko inakula vizuri."

"Ijumaa utaimba wimbo wa kunisifu, uwanjani. Mji mzima uitikie, kwa moyo, bila kulipwa wala kulazimishwa. Wasipoitikia, gambusi lako nalitundika ukutani hapa. Hutaligusa tena."

Moyo wa Bi Mize ukampiga paa. Ulimi, alhamdulillahi, ulibaki palepale.

"Wimbo nitunge mimi?"

"Nimeshatunga mwenyewe. Usiongeze neno, usipunguze neno."

Bi Mize akaisoma ile karatasi. Beti tatu, zote maswali.

"Mtukufu, mbona sioni kiitikio?"

"Kiitikio ni jina langu. Nani asiyejua?"

"Basi nikawafundishe watu, wasije wakakosea."

"Thubutu! Ukiwafundisha itasemwa nimewalazimisha. Jibu hilo hata mtoto wa kunyonya analijua."

"Na wakiitikia mji mzima, kwa moyo, gambusi ni langu?"

"Ni lako. Waziri huyu ni shahidi."

Bi Mize akarudi kwake. Njiani alilia, sitakuficha, maana aliwajua watu wa Kisimani: kwa Sultani yule wangekaa kimya kama wamemeza gundi. Lakini hakumfundisha mtu hata silabi moja. Alichofanya ni kumwomba jirani yake Vuai, muuza maji, ambebee gambusi mpaka uwanjani kwa punda wake. Alisema jua ni kali.

Ijumaa ikafika, watu wakajaa. Sultani kakaa mbele, kilemba kipya. Bi Mize kasimama katikati, na ubavuni pake punda wa Vuai, madumu ya maji bado mgongoni. Akapiga gambusi, akaanza kama ilivyoandikwa:

"Nani atuleteaye maji, tukanywa tukashukuru?"

Kimya. Sultani akakohoa. Bi Mize akarudia swali lile lile, ila safari hii, wakati anaimba, akamtazama punda.

Muuza mihogo mmoja akapaza sauti: "Punda wa Vuai!"

Watu wakacheka. Bi Mize akaendelea na ubeti wa pili:

"Nani aamkaye alfajiri kwa ajili yetu?"

"Punda wa Vuai!" Nusu ya uwanja.

"Nani abebaye mizigo yetu, wala asilalamike?"

"Punda wa Vuai!" Uwanja wote, kwa makofi na vigelegele, askari wamo, na mpishi ndiye aliyewashinda wote kwa sauti. Punda naye akalia, na wapo wanaoapa kwamba hakutoka nje ya ufunguo wa wimbo.

Sultani akasimama. "Umewafundisha!"

"Muulize waziri wako. Bwana Waziri, nimeongeza neno?"

"Hukuongeza."

"Nimepunguza?"

"Hukupunguza."

"Punda umemleta wewe!" akafoka Sultani.

"Alileta gambusi, Mtukufu. Ungenitumia gari lako, punda angebaki kazini."

"Wewe mwanamke!"

"Bwana Waziri, mji umeitikia au haukuitikia?"

"Umeitikia."

"Kwa moyo?"

Waziri alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya joho. "Kwa moyo mno, Bi Mize."

Sultani akakaa. Akaitazama karatasi yake, akaikunja mara nne. Nikwambie kweli, hapo hata mimi nilimwonea huruma. Hasira zilimwishia, akauliza taratibu, kwa sauti ya mtu wa kawaida:

"Bi Mize, maswali yale niliyatunga kwa mkono wangu. Nifanye nini na mimi waniitikie?"

Bi Mize akaliweka gambusi lake kwapani.

"Wala si kazi kubwa, Mtukufu. Kesho alfajiri, wahi kisimani kabla ya punda."