Mcharuko na Majani ya Rehani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, paliishi mbwa mmoja aliyeitwa Mama Mcharuko. Mwanawe wa pekee, Mcharuko, alikuwa hatulii hata akifungwa kamba.

Asubuhi moja mama anachekecha unga uani, mara akasikia: tafu! tafu! tafu! Kugeuka, Mcharuko ameumaliza mrehani wote wa kando ya jiko. Mdomo kijani!

"Yallah! Umekula nini, mwanangu?"

"Majani, mama. Yana... kwi! Yananukia. Kwi!"

Mama hakuwahi kusikia mbwa kala rehani. Akapiga ukelele. Fisi, aliyekuwa akipita njiani, akaingia bila hata hodi.

"Masikini! Rehani ni sumu ya mbwa. Unaisikia hiyo kwikwi? Ni sumu inagonga mlango wa moyo! Lakini usilie, dada. Mimi mganga. Nipe mtoto nikamtibie kwangu pangoni. Wewe usije, dawa yangu haitaki kutazamwa na mzazi."

Machozi tiririri, mama akamfunga mwanawe kwenye kanga, akamkabidhi.

Nguchiro, jirani yao mdogo mdogo, alikuwa akichungulia juu ya ua. Akaona ute unamtoka Fisi, ndo! ndo! Akaelewa. Lakini akipiga kelele, Fisi atatimua mbio na mtoto. Basi akaruka ndani, puu!

"Mganga, umesema kweli! Rehani ni sumu kali. Ila haimuui mbwa aliyeila. Inamuua atakayemla mbwa huyo! Tumbo linavimba, linavimba, halafu... paa!"

"Paa?" Fisi akameza mate.

"Paa! Hata utumbo hauokotwi."

Fisi akamtazama Mcharuko kwa huzuni kubwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na... akichemshwa kwanza?"

"Akichemshwa?" Mama Mcharuko akarudia polepole. Manyoya yakamsimama.

Fisi akamwachia mtoto, akachomoka. Mama nyuma yake, wau! wau! wau! mpaka ng'ambo ya mto.

Aliporudi anahema, akamshika Nguchiro. "Jirani, niambie kweli. Mwanangu atapona?"

"Apone nini, na haumwi? Yale ya paa nimeyatunga mimi. Marehemu mama yako alikuwa akitafuna rehani kwa siri kila akija kukutembelea, nikimwona toka juu ya ua, na alizeeka hadi meno yakamwisha. Kwikwi hiyo ni ya ulafi tu. Mpe maji."

Mcharuko akanywa, glu glu glu. Akacheua. Kwikwi ikakatika.

Mama akakaa papo hapo kwenye unga wake. Akacheka huku analia, akamlamba mwanawe toka masikioni hadi mkiani.

Nanyi wanangu, mtu akiwatia hofu kisha akanyoosha mkono apewe kitu, msimpe kabla hamjamuuliza vizuri.